Vijana wa Skimu na Wafundishwe Kuoka Mkate



Siku moja ukiwa na nafasi, simama asubuhi na mapema katika soko la Ndithini utazame vitu vinavyoshushwa madukani. Hutakosa kuona kreti za mikate. Sehemu kubwa ya mkate tunaokula huku mashambani huokwa mjini, hupakiwa garini, nao hutufikia ukiwa umekwisha lala siku moja au mbili. Sasa geuka utazame kibaraza cha duka lile lile. Pale wamekaa vijana wanne watano waliomaliza shule. Wanangoja gari liwapeleke huko huko mkate ulikotoka, wakatafute kazi.

Mambo haya mawili nimeyatazama kwa muda mrefu, nami naona yafaa yazungumzwe pamoja. Maoni yangu ni kwamba kila kijiji cha skimu chapaswa kuwafundisha vijana wake, wavulana kwa wasichana, kazi ya kuoka mkate. Kwanza wawaokee watu wao, na baadaye ndipo waoke kwa kuuza. Nasema kwanza na baadaye kwa makusudi, na nitakueleza sababu.

Wewe mwenye shamba la skimu waijua hesabu ya ardhi kuliko mimi. Ulipogawiwa, au baba yako alipogawiwa, palikuwa na shamba moja lenye namba yake na mipaka yake. Watoto wameongezeka, mipaka haikuongezeka. Shamba la ekari kumi likigawiwa wana watano, kila mmoja ana ekari mbili. Na katika nchi kavu kama hii yetu ya Masinga na Yatta, ekari mbili za mahindi si chakula cha mwaka ikiwa mvua imekosa. Kijana wako alikwisha piga hesabu hiyo kabla hujamwambia. Ndiyo sababu wengine huenda mitoni kuchimba mchanga wauze, na wengine hukata miti wachome makaa. Kazi hizo mbili zinakula nchi ile ile wanayotaka kuirithi. Mto wetu wa mchanga ndio tangi letu la maji wakati wa kiangazi. Mchanga ukiondolewa, maji nayo huondoka.

Sisemi kwamba mkate utawatosha vijana wote. Lokesheni moja haihitaji waokaji mia. Lakini kijana anayejua kukanda unga, kuwasha tanuri na kuweka hesabu ya gunia moja la ngano ana kitu mkononi, akibaki hapa au akienda mjini. Asiyejua kitu akienda mjini atauza nguvu tu, na nguvu mjini ni rahisi sana.

Tuanze na matanga. Kwetu mtu akifa, majirani hukusanyika nyumbani kwake kila jioni mpaka siku ya kuzika, na mgeni hapewi maneno matupu, hupewa chai na mkate. Mwenye msiba hutuma mtoto dukani na kitabu cha deni. Jioni ya kwanza mikate kumi, ya pili ishirini, na mazishi yakicheleweshwa kwa kungoja jamaa wa mbali, hesabu yaendelea kupanda. Nani kati yetu hajaona familia iliyozika mzee wao halafu ikakaa miezi kulipa deni la mkate uliokwisha liwa?

Basi, wazazi wetu walikuwa na njia ya mambo kama haya. Waliiita mwethya. Matuta ya Machakos, ambayo watu wa nchi nyingine huja kuyatazama, mengi yalichimbwa kwa mikono ya mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule. Hakuna sababu mwethya usiweze kuoka. Majirani kumi na wawili wakileta nusu kilo ya unga wa ngano kila mmoja, hizo ni kilo 6. Kwa unga huo vijana wanaojua kazi watatoa mikate 21 ya gramu 400. Kila mkate ukikatwa vipande kumi, watu mia moja watakula vipande viwili viwili, na mwenye msiba hakufungua kitabu cha deni.

Huu ni wema, lakini pia ni shule, tena shule nzuri kuliko nyingi. Unga haukununuliwa na kijana, kwa hiyo hakuanza kazi na mkopo shingoni. Mkate ukitoka mzito kidogo, watu wa matanga hawatauonea haya. Na katika msimu mmoja vijana wataoka mara nyingi kuliko mwanafunzi wa chuo anavyooka kwa mwaka mzima. Kikundi kinachoanza kwa kuuza dukani kabla hakijajua kazi hushindana na kiwanda siku ya kwanza, na siku ya thelathini kimekufa. Kikundi kinachoanza kwa kuhudumia watu hupata mazoezi, na watu hupata kukiamini. Siku kitakapoweka mkate wake sokoni, wanunuzi watakuwa wamekwisha uonja.

Baada ya matanga wako watoto wa chekechea ambao hutoka nyumbani na kikombe cha chai tu, na wako wazee wanaoishi peke yao, meno yamekwisha, muthokoi hawauwezi tena. Mkate laini mara moja kwa juma mlangoni kwa mzee wa namna hiyo si jambo dogo. Kijana anayeupeleka hupata pia kujua kama paa linavuja na kama mzee ameugua.

Wazee watasema kufundisha watu kuoka si jambo geni, na ni kweli. Shule ya Jeanes pale Kabete, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikuwa na mafunzo ya kazi za nyumbani kabla ya kugeuzwa kuwa chuo cha utawala mwaka 1961. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianza mwaka 1952, na vilabu vyake vikafundisha kushona, usafi wa nyumba, kulea watoto, kupika na kuoka. Kwa kazi hiyo twawashukuru. Lakini nina lalamiko moja, nalo ni keki. Mama ambaye mayai yake aliyauza apate kununua chumvi alifundishwa kuoka keki ya mayai na siagi. Keki ilipelekwa kwenye mashindano, ikasifiwa, ikaliwa na wageni, ikawa basi. Mkate wa kila siku haukupewa nafasi yake. Nalitaja kwa sababu leo pia ukiwauliza vijana wangependa kufundishwa kuoka nini, jibu la kwanza ni keki ya arusi. Arusi ni ngapi Ndithini kwa mwaka, na chai hunywewa mara ngapi kwa siku?

Kilichonipendeza zaidi katika mambo ya zamani ni vilabu vya 4-K vilivyoanzishwa mwaka 1962. Wengi wenu mlivaa beji yake au mliwaona wakubwa wenu wakiivaa. Maana yake ilikuwa Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mwaka 2021 Serikali ilivizindua upya mashuleni, na mtaala mpya wa umilisi, ulioanza madarasani nchi nzima mwaka 2019, nao wataka mwanafunzi ajifunze kwa kuihudumia jamii yake. Kwa hiyo mwalimu mkuu hawezi kukuambia kwamba tanuri la mkate halimhusu. Mwulize.

Tena kuna jambo ambalo wakulima wengi hawalijui. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa kuuliza vijana wanaomaliza shule watakwenda wapi, na kutokana na fikira hizo zikaja polytechnic za vijijini. Kazi hiyo sasa ni ya kaunti. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti elimu ya chekechea, polytechnic za vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani. Vituo vya ufundi wa nyumbani vimeandikwa ndani ya Katiba, ndugu yangu, pamoja na barabara na masoko. Ukienda kwenye ofisi ya wadi kuomba mwalimu wa kuoka kwa miezi miwili, huendi kuomba sadaka.

Sasa habari ya tanuri. Usikubali kikundi kianze kwa kutafuta mfadhili wa mashine. Niliwahi kufika mahali fulani, nisipopataja, nikaonyeshwa tanuri la umeme walilopewa vijana na watu wema. Lilikuwa kubwa na la kung'aa. Stima ya kulitosha haikuwapo, na hata ingekuwapo, hakuna ambaye angelipa bili. Nilipofungua mlango wake kuku alikuwa ametaga ndani. Sikucheka, kwa sababu mwenyekiti wa kikundi alikuwa amesimama karibu yangu naye hakucheka.

Kwa kujifunza, sufuria mbili zatosha. Weka mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, tia ndani yake sufuria ndogo yenye mkate, funika, na weka makaa machache juu ya kifuniko ili joto litoke juu na chini. Akina mama wengi huoka hivyo. Vijana wakishajua, wajenge tanuri la udongo. Msingi wa mawe uinuke mpaka kiunoni. Juu yake jengeni kuba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Mlango uwe na kimo cha theluthi mbili hivi za kimo cha ndani ya kuba. Ukizidi, joto lote hutoka nje, na ukipungua, moto hufa kwa kukosa hewa. Likaushwe taratibu kwa juma moja au mawili, kisha kwa mioto midogo midogo, maana udongo ukiharakishwa hupasuka. Siku ya kuoka washeni moto ndani mpaka masizi ya kuba yaungue na udongo ung'ae mweupe, ondoeni makaa, pigeni deki sakafu kwa kitambaa kibichi, tieni mikate na kuziba mlango. Joto la moto mmoja laweza kuoka awamu mbili au tatu.

Na kuni? Hapa ndipo Bwana Shamba atakapouliza, na ana haki ya kuuliza. Haitakuwa na maana kuwatoa vijana katika kuchoma makaa halafu kuwapa kazi ya kumaliza miti kwa tanuri. Lakini mbaazi zikishavunwa huacha vijiti vikavu vinavyowaka vizuri sana. Vigunzi vya mahindi vipo. Miembe hupunguliwa matawi kila mwaka. Liwe sharti la kikundi tangu siku ya kwanza kwamba mti uliosimama haukatwi kwa ajili ya mkate.

Kuoka kwenyewe si uchawi, ila kwataka mizani. Kwa kila kilo 1 ya unga wa ngano tia maji gramu 600, yaani zaidi kidogo ya nusu lita, hamira kavu gramu 10, chumvi vijiko vitatu vya chai, sukari vijiko vinne au vitano vya chai, na mafuta vijiko viwili vya chakula. Hamira ni kitu chenye uhai kama mbegu. Maji ya moto huiua, na maji baridi huilaza. Unga ukandwe dakika kumi mpaka kumi na tano, tena kwa nguvu, hata ukivuta kipande kidogo kati ya vidole kiwe chembamba kama karatasi bila kukatika. Ufunike kwa kitambaa uumuke mpaka uwe mara mbili ya ulivyokuwa. Kwa jua la Ndithini saa moja yatosha, na wakati wa joto kali hata pungufu yake, kwa hiyo mwezi wa Februari tumieni maji ya mtungi. Ukishaumuka upigwe hewa itoke, ukatwe, upimwe, uwekwe katika mikebe iliyopakwa mafuta, uumuke tena, ndipo uingie tanurini kwa nusu saa au dakika arobaini. Mkate ulioiva ukiugonga chini kwa kidole hulia kama ngoma. Usikatwe ungali moto, hata watoto wakilia. Ndani bado unamaliza kuiva.

Twafikia unga, na hapa naomba usome polepole.

Ngano haioti kwetu. Huoteshwa Narok, Uasin Gishu, Timau na sehemu nyingine za baridi, na hata mavuno ya huko yote hayatoshi nchi. Sehemu kubwa ya ngano ya Kenya huletwa kwa meli Mombasa. Vita vilipozuka Ukraine mwaka 2022, bei ya unga ilipanda katika duka la soko dogo kabisa, na mama wa Ndithini aliilipa vita asiyoijua. Kwa hiyo kijana anayefundishwa kuoka kwa ngano tupu amefundishwa nusu. Na afundishwe kuchanganya. Mtama na muhogo huota hapa. Ngano ina kitu kinachovutika kiitwacho gluteni, ndicho kinachozuia hewa ya hamira isitoke, na nafaka zetu hazina. Ukitia sehemu moja ya unga wa mtama au wa muhogo katika kila sehemu tano za unga wote, mkate utaumuka vizuri. Ukizidisha sana utapata tofali. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vilivyochemshwa na kupondwa, huingia kwa wingi zaidi, na huwapa watoto vitamini A. Kuanzia mwaka 2015 mkate wa viazi hivyo kutoka Homa Bay ulipata kuuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, wala wanunuzi hawakuukataa. Na wapo ndugu zetu wa pwani, ambao tangu zamani huoka mkate wa mofa kwa unga wa mtama katika tanuri la udongo. Mkate huo haukai kama wa dukani, lakini huliwa na mchuzi ukamalizika.

Ila liko jambo moja ambalo lazima lisemwe wazi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika nchi yetu hii ya Ukambani na jirani zake kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu, ile iitwayo aflatoksini. Makueni, Kitui, Machakos na Thika zote ziliguswa. Nafaka ilikuwa imewekwa ghalani na unyevu, ikaota kuvu. Sumu hiyo haifi kwa moto wa jiko, wala haifi kwa moto wa tanuri. Ukisaga punje mbovu ukaoka mkate mzuri wenye rangi ya dhahabu, umeoka sumu yenye rangi ya dhahabu. Na unga ukishasagwa jicho haliwezi tena kuona kitu.

Sasa fikiri. Nimependekeza majirani walete unga kwa ajili ya matanga. Mmoja ataleta unga wa ngano wa pakiti, vizuri. Mwingine, mzee wa heshima, ataleta unga wa mtama uliosagwa haijulikani lini, kutoka gunia lisilojulikana lilikaa wapi. Kijana wa miaka kumi na minane atamwambiaje mzee huyo kwamba unga wake haupokelewi? Jibu langu ni kwamba asiachiwe kijana mzigo huo. Wazee wenyewe waweke sheria kabla kikundi hakijaanza: mtama hupokelewa ukiwa punje, si unga. Punje hutandazwa juu ya mkeka mchana, wote wakiona, zilizobadilika rangi, zilizoliwa na wadudu au zenye harufu ya uvundo zikakataliwa, na zilizobaki zikasagwa siku hiyo hiyo. Mchezo ukianza kwa sheria hiyo, hakuna aliyeaibishwa. Muhogo nao, ule mchungu hasa, una sumu yake. Umenywe, ulowekwe na kukaushwa vizuri kwanza.

Kijana akijua hayo ameipa nyumba yake kitu kikubwa kuliko mkate, maana atarudi nyumbani atazame ghala la mama yake kwa macho mengine.

Kuhusu fedha, wakati wa kuuza ukifika, usimwache mtu akudanganye kwa maneno matamu. Pakiti moja ya unga ya kilo 2 hutoa mikate 7 ya gramu 400. Chukua daftari. Andika bei ya pakiti siku hiyo, bei ya hamira, chumvi, sukari na mafuta, kuni hata kama hukuzinunua, nauli ya kuleta unga, na ujira wa waliokanda. Jumlisha, gawa kwa 7. Ikiwa jibu limezidi bei ya mkate wa dukani, acheni kuuza mkate wa namna hiyo, okeni vitu vidogo vya kuuza moja moja shuleni na stendi. Ikiwa limepungua, basi mna kazi. Kiwanda kina mashine na hununua unga kwa malori. Ninyi mna jambo moja tu ambacho hakina, mkate uliotoka tanurini asubuhi ile ile. Jambo hilo lina thamani. Mwaka 2024 mlisikia nchi nzima ikibishana juu ya pendekezo la kutoza kodi ya asilimia 16 katika mkate wa kawaida, mpaka likaondolewa mwezi wa Juni. Watu hawabishani hivyo juu ya kitu ambacho hawakili.

Na ile huduma ya wazee na watoto isitegemee moyo wa siku hiyo. Katika kila mikate kumi inayookwa, mmoja uandikwe katika daftari kuwa ni wa huduma, kama gharama nyingine, na gharama hiyo itiwe ndani ya bei ya ile tisa. Nimeona vikundi viwili vikivunjika kwa sababu huduma haikuandikwa. Wenzao waliona mikate inapungua wasijue imekwenda wapi, na shutuma zikaanza.

Wanaouza chakula wanatakiwa kupimwa afya na kupata cheti kila miezi sita, na biashara yataka leseni ya kaunti. Mkate wa kufungwa na kuwekwa madukani wataka alama ya ubora ya Shirika la Viwango. Afisa wa afya aitwe mapema atazame mahali pa kazi. Akiitwa mapema huwa mwalimu.

Liko neno moja ambalo baba wengine hunong'ona. Husema kwamba mwana wa kiume hakuzaliwa kukanda unga. Baba huyo nataka nimwulize, mkate alioula leo asubuhi ulikandwa na nani? Ingia katika kiwanda cha mkate mjini usiku wa manane, utawakuta wanaume wamevua mashati, wakibeba magunia na kusimama mbele ya moto. Wengi wao walitoka mashambani kama haya yetu. Kama kazi hiyo haimpunguzii mwanao chochote akiifanya Nairobi kwa mshahara wa mtu mwingine, haitampunguzia chochote akiifanya hapa. Msichana naye asiachiwe kukanda tu wakati mvulana ameshika daftari. Wapokezane.

Wakati mzuri wa kuanza ni mwezi wa Agosti. Mavuno ya masika yamekwisha ingia, shule zimefungwa, na mvua za vuli, ambazo ndizo za kutegemewa kwetu, bado hazijaanza. Mkianza kuwakusanya Oktoba, mwenye akili hatakuja, atakuwa shambani, nami nitamsifu. Tanuri na lilale wakati wa kupanda na kupalilia, liamke jembe likipumzika, isipokuwa kukiwa na msiba.

Mwalimu wa kwanza msimtafute mbali. Ulizeni ni nani hapo kijijini aliyepata kufanya kazi katika kiwanda cha mkate akarudi nyumbani. Mara nyingi yupo, amekaa kimya, hakuna aliyemwuliza. Ulizeni pia akina nyanya waliokuwa katika vilabu vya Maendeleo. Keki wataiweka kando mkiwaomba kwa heshima. Vijana wanane watosha kuanza, na wazee wawili wa kuweka sheria ya punje.

Mikate ya kwanza itatoka imeungua upande mmoja na kuwa mibichi upande wa pili, kwa kuwa tanuri jipya halijajulikana tabia. Hiyo iliwe na wenyewe walioioka, wakiwa wamekaa pale pale penye majivu. Ya wazee ingoje tanuri la pili.